Kinachobaki Ungoni

Lugha yetu haina uhaba wa maneno ya chakula kilichoharibika. Wali wa jana huchacha, samaki huvunda, embe huoza, mahindi hubunguliwa, mkate uliosahauliwa kabatini huota kuvu, ambayo wengine huiita ukungu na wengine koga. Kila neno kati ya haya lina pua yake na macho yake. Mwenye kusema kwamba chakula kimechacha amekwisha kukinusa, na mwenye kusema kwamba kimeota ukungu amekwisha kuuona. Wazee walioturithisha maneno hayo waliiamini milango ya fahamu, na milango hiyo imewalinda watu vizazi kwa vizazi.

Lakini iko sumu isiyo na rangi, wala harufu, wala ladha. Hii nayo tuiiteje? Wataalamu wa Tanzania wameipa jina la sumukuvu, yaani sumu itokanayo na kuvu. Ni neno lililoundwa vizuri. Ni fupi, linatamkika, na mtoto wa shule ya msingi hulielewa kwa kulisikia mara moja. Hata hivyo lina mtego wake. Humwambia msikilizaji aitafute kuvu, ilhali sumu yaweza kuwamo katika punje isiyoonesha kuvu hata kidogo, na kuvu yaweza kuwapo pasi na sumu. Neno limeunganisha vitu viwili ambavyo jicho haliwezi kuvikuta pamoja kila siku.

Neno hilo ndilo lililonipeleka Kishapu. Mimi ni mshairi, na riziki yangu huipata zaidi katika kutafsiri. Kazi hiyo sikuisomea darasani. Niliipata kwa kusoma na kuuliza, na ada ya kuuliza sijaiacha. Mwaka 2022 niliombwa nikitie katika Kiswahili kipeperushi cha kurasa nne juu ya sumu za kuvu katika chakula cha watoto. Kilikusudiwa akina mama wa vijiji vya Kishapu, mkoani Shinyanga. Sentensi ya tatu ya kipeperushi hicho ilimtaka mama aepuke kumlisha mtoto chakula kilichochafuliwa. Nikaiweka kalamu chini. Ataepukaje asichokiona? Nikaomba ruhusa niende kwanza nikawasikilize wanaosemwa, ndipo niseme nao.

Msomaji wa visiwani ambaye hajafika huko na ajue kwamba Kishapu ni wilaya iliyomegwa kutoka Shinyanga Vijijini mwaka 2002, na makao yake makuu ni Mhunze. Ndani ya wilaya hiyo umo mgodi wa almasi wa Mwadui, ambao John Williamson aliugundua mwaka 1940, lakini ukisimama katikati ya mashamba huwezi kudhani kwamba chini yake kuna mawe ya thamani. Nchi ni tambarare, sehemu kubwa ni udongo mweusi wa mbuga, na mvua zake hazina ahadi. Wenyeji wengi ni Wasukuma, wakulima wa pamba na wafugaji wa ng'ombe. Hulima mtama, uwele, mahindi, karanga, choroko, dengu na viazi vitamu. Viazi vikikatwa vibichi na kuanikwa huwa michembe. Vikichemshwa kwanza kisha vikaanikwa huwa matobolwa. Vyote viwili ni akiba ya miezi ambayo ghala limebaki na mwangwi tu.

Isidhaniwe kwamba watu hawa hawaijui kuvu. Katika nchi za Ziwa, kutoka Geita na Sengerema hadi Ukerewe, watu hutengeneza udaga kwa kuumenya muhogo mchungu, kuulundika na kuufunika mpaka uote kuvu, kisha huukwangua, huuanika na kuusaga. Kuvu hiyo husaidia kuondoa sumu ya muhogo wenyewe. Yaani bibi wa kanda hiyo, bila maabara, aligundua kwamba kuvu yaweza kutumwa kazi. Hali kadhalika, mdudu mgeni wa ghalani alipoingia Tanzania kwa mara ya kwanza, kwenye miaka ya mwisho ya 1970 huko Tabora, wakulima hawakungoja kamusi. Walimwita dumuzi, na wengine wakamwita Scania, kwa jina la lile lori zito, kwa namna alivyoyasaga mahindi yao. Kinachoonekana hupata jina siku hiyo hiyo. Sumukuvu ilikaa ghalani muda wote huo bila jina kwa kuwa hakuna aliyepata kuiona.

Katika ua mmoja nilimkuta mama wa makamo akichambua karanga. Ungo ulikuwa mapajani, na mikono yake ilikwenda upesi kuliko macho yangu. Kubwa na nzima alizitia katika gunia la sokoni. Zilizofuata aliziweka katika kibuyu, mbegu ya msimu ujao. Ungoni zikabaki zilizovunjika, zilizosinyaa na zilizogeuka rangi. Nilimwuliza kama hizo zitatupwa. Alinitazama kwa huruma ile wanayotazamwa nayo wageni.

"Karanga haitupwi, baba," akasema. "Hizi ndizo za kusaga. Za uji wa mtoto."

Maneno hayo hayakuwa na uzembe ndani yake, wala ukatili. Yalikuwa hesabu ya nyumba. Nzuri huuzwa kwa kuwa sokoni sura ya karanga ndiyo bei yake. Mbegu haichezewi kwa kuwa ni shamba la mwaka ujao. Na zilizobaki, ambazo zikisagwa sura yake haijulikani tena, huliwa nyumbani. Tena hazikuliwa ovyo. Zilikwenda kwenye chungu cha heshima kuliko vyote, chungu cha mtoto anayeachishwa ziwa. Kwa miaka mingi akina mama wamefundishwa kliniki kwamba uji wa unga mtupu haumtoshi mtoto, na kwamba unga wa lishe uchanganywe nafaka na karanga. Mafunzo hayo ni ya kweli, kwani karanga ina protini na mafuta ambayo mahindi pekee hayana. Lakini mahindi na karanga ndiyo mazao mawili ambayo kuvu ya sumukuvu huyapenda zaidi. Hivyo mama anayejitahidi kuliko wenziwe, anayetwanga, anayechekecha na kuchanganya, aweza kuwa ndiye anayeikusanya sumu kutoka pande mbili na kuitia katika bakuli moja.

Sumu yenyewe ilijulikana kwa njia ya ajabu. Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika muda wa miezi michache, na kwa kuwa hakuna aliyeujua ugonjwa huo, ukapewa herufi X kuwa jina lake. Uchunguzi uliishia kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Ndani yake ilikuwamo kuvu iitwayo Aspergillus flavus, na kutokana na jina hilo la kitaalamu sumu yake ikaitwa aflatoksini. Naam, binadamu walikuwa wakila karanga na mahindi ya namna hiyo tangu zamani, lakini aliyeifanya dunia ishtuke ni bata wa kufugwa, mwenye bei na mwenye mnunuzi. Jambo hili nalitaja bila dhihaka, nitalirudia mbele.

Kiasi kinachodhuru ni kidogo hata lugha hushindwa kukishika. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na nchi za Afrika Mashariki katika mahindi na karanga ni mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo moja. Nikajaribu kuigeuza hesabu hiyo iwe ya magunia. Gramu moja ya sumu, kiasi cha kujaa ncha ya kijiko, ikisambazwa sawasawa yatosha kuyafikisha ukomo huo magunia 1,000 ya kilo mia mia. Tena haisambai sawasawa. Punje chache zaweza kubeba sumu ya debe zima, jirani zake zikawa salama. Kwa hiyo msemo wetu wa samaki mmoja kuozesha wenziwe huwa kweli zaidi baada ya kusaga, pale punje moja inapogawiwa kila kijiko.

Wala moto hauitibu. Aflatoksini huanza kuvunjika katika joto lizidilo nyuzi 200, na maji ya uji huchemka kwa nyuzi 100. Kwa mama wa Kishapu hili lilikuwa gumu kuliko yote, kwa kuwa tangu utoto wake amesikia, na kwa haki, kwamba maji yachemshwe, maziwa yachemshwe, nyama iive. Moto ni rafiki wa kwanza wa jiko, na mimi nilikuja na habari kwamba mbele ya adui huyu rafiki huyo hana nguvu.

Hata ukame, ambao mtu angedhani ni ulinzi, haulindi. Mmea ulioteswa na jua wakati wa kujaza punje hudhoofika, na kuvu iliyomo udongoni huupata ungali shambani. Kisha mvua ya mwisho huja mavuno yanapoanikwa chini, unyevu huingia ghalani, na dumuzi hutoboa milango. Kishapu huyapata yote mawili, jua la shambani na unyevu wa baada ya mavuno.

Sumukuvu ikizidi sana huua waziwazi. Mwaka 2004, katika nchi ya Ukambani nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 balaa hilo likazifikia Dodoma na Manyara, ambako katika wagonjwa 68 walifariki 20. Macho yaligeuka manjano na matumbo yakavimba, ini likiwa limeshindwa. Vifo vya namna hiyo hupata tarehe, huandikwa magazetini, na maofisa hufunga safari. Kipeperushi changu, lakini, hakikuwa juu ya vifo hivyo. Kilihusu dhara lisilo na tarehe, la mtoto anayekula kidogo kidogo kila asubuhi na haugui ugonjwa wenye jina.

Ili niyatafsiri maelezo hayo ilinibidi kwanza niujue utumbo. Utumbo mwembamba umetandikwa kwa ndani safu moja tu ya seli. Safu hiyo ina vidole vidogo mno visivyohesabika, na kwa vidole hivyo mwili hukipokea chakula. Seli zake zimeshikamana ubavu kwa ubavu kwa protini zilizo mfano wa uzi wa mshono, zikiruhusu kinachofaa kupita na kukizuia kisichofaa. Ukuta huo hauishi kujengwa. Kila baada ya siku tatu hadi tano seli zake huwa zimekwisha kubadilishwa. Ni nyumba ambayo fundi wake hana siku ya mapumziko.

Sasa aflatoksini humzuia fundi huyo kutengeneza protini. Iko na sumu ya pili, fumonisini, ya kuvu nyingine ipendayo mahindi, ambayo huharibu utengenezaji wa mafuta yanayohitajika katika kuta za seli. Katika wanyama na katika seli za maabara imeonekana kwamba sumu hizi huvifupisha vile vidole na kuilegeza mishono. Kwa watoto wachanga hakuna anayeweza kufungua utumbo akatazama, lakini wanasayansi wanaona ya kwamba mambo huenda kwa njia hiyo hiyo: chakula hupokelewa pungufu, na vijidudu vya utumbo, au vipande vyake, huvuka mpaka ambao haikuwapasa kuuvuka. Askari wa mwili, ambao sehemu yao kubwa wamepiga kambi katika utumbo huo huo, hukesha usiku na mchana wakipigana vita vidogo visivyokwisha. Vita vina gharama. Nguvu ambayo mtoto angeitumia kurefuka huliwa na walinzi wake. Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa wakiuzungumzia utumbo, lakini sijapata kuuona mfano uliokaa mahali pake kama huo.

Askari wenyewe nao hawasalimiki. Uchunguzi uliofanywa Gambia kwa watoto wa umri wa miaka sita hadi tisa, ukachapishwa mwaka 2003, ulipima mate yao na kukuta kwamba waliokuwa na dalili za aflatoksini katika damu walikuwa na upungufu wa IgA, ile kinga ambayo mwili huitanguliza mlangoni, mdomoni na utumboni, kabla adui hajaingia. Zaidi ya watoto tisa katika kila kumi waliopimwa walikuwa na alama za sumu hiyo. Walikuwa wakienda shule na kucheza kama watoto wengine.

Na kila kinachopokelewa na utumbo hupelekwa kwanza kwenye ini. Ini hujaribu kuigeuza aflatoksini ili itoke, na katika kuigeuza huipa, kwa bahati mbaya, umbo lenye kung'ang'ania kwenye chembe za urithi. Ndiyo asili ya saratani ya ini. Mtu mwenye homa ya ini aina ya B akila sumu hiyo, nguvu yake ya kuleta saratani huwa kiasi cha mara 30 kuliko kwa asiye na homa hiyo. Kwa sababu hiyo chanjo ya homa ya ini, ambayo watoto wetu huchomwa wangali wachanga, ni ngao pia dhidi ya kuvu, ingawa hakuna mama aliyeambiwa hivyo siku ya kuchomwa sindano.

Kuhusu kudumaa, ushahidi haukusema kwa sauti moja, na mtafsiri mwaminifu hana ruhusa ya kuulinganisha. Nchini Benin watafiti waliwafuata watoto kwa miezi minane, na matokeo yao ya mwaka 2004 yalionesha kwamba waliokuwa na sumu nyingi zaidi walirefuka sentimita 1.7 pungufu ya waliokuwa na kidogo zaidi. Nchini Tanzania watoto wa Iringa, Kilimanjaro na Tabora, jirani wa Shinyanga, walichunguzwa, na mwaka 2015 ikachapishwa kwamba fumonisini ilifungamana na ufupi wao; kwa aflatoksini uhusiano haukuthibitika. Kisha katika Meru na Tharaka-Nithi, nchini Kenya, familia zilibadilishiwa mahindi mabaya kwa mazuri. Sumu ilipungua katika damu, lakini matokeo ya mwaka 2018 hayakuonesha tofauti ya urefu mwisho wa utafiti. Hivyo si halali kusema kwamba kila mtoto mfupi amefupishwa na kuvu. Kuna kuhara, kuna malaria, kuna maji machafu, na kuna njaa yenyewe. Sumukuvu ni mmoja katika kundi la wezi, na wezi hawa huingia kwa mlango mmoja.

Haya niliyaeleza kwa Kiswahili, na mhudumu wa afya wa kijiji, binti mtulivu aliyekuwa mwenyeji wangu, akayapeleka kwa Kisukuma. Tulikuwa chini ya mti pamoja na akina mama kumi na wanne. Mmoja wao, mdogo kuliko wote, alikuwa na mtoto mgongoni na kadi ya kliniki mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo halikuhitaji kutafsiriwa, kwa kuwa aliliuliza kwa Kiswahili akinielekea mimi:

"Kwa hiyo, baba, ni mimi niliyemlisha mwanangu sumu?"

Nikamjibu, "Mama, wewe umemlisha chakula. Sumu iliingia kabla ya chakula hakijafika mkononi mwako, na hapana jicho ambalo lingeiona."

Usiku ule niliirudia ile sentensi ya tatu, nikaona kosa lake liko wapi. Kulisha ni kitenzi chenye mwenyewe. Ukisema "epuka kumlisha mtoto", umekwisha kumsimamisha mama kizimbani, hata kama hukukusudia, na kuvu umeiacha huru. Aliyeandika kwa Kiingereza aliweza kujificha nyuma ya majina marefu ya kitaalamu. Kiswahili hakimpi mtu maficho hayo, kwani kiambishi cha mtenda husimama mwanzoni mwa kitenzi, kila mtu akakisikia. Nikaanza upya, nikampa kuvu utenda: kuvu huingia shambani, kuvu huzaliana penye unyevu, kuvu huacha sumu. Mama akaingia mwishoni, akiwa yule anayeziba njia.

Lakini kulikuwa na bibi mmoja katika kikao kile ambaye maneno yake hayakupata nafasi katika kurasa nne. Tulipofika kwenye mafunzo ya kuchambua, kwamba punje zilizovunjika na zilizogeuka rangi zitolewe, na zikishatolewa zisiliwe na mtu, bibi huyo alikubali kwa kichwa. Kisha akasema taratibu:

"Mwaka wa njaa hakuna punje mbovu."

Wenziwe wakanyamaza. Hakuwa akibishana na sayansi. Alikuwa akiitajia sayansi mahali pake pa kuishia. Kuchambua ni dawa kweli, maana sumu hujikusanya katika punje zilizojeruhiwa, na mwenye macho mema na ungo aweza kuiondoa sehemu kubwa kabla ya mashine. Lakini kuchambua hukigawa chakula mafungu mawili, na dawa hiyo hufanya kazi kwa sharti kwamba fungu la pili lisiliwe. Kuku wakipewa, hudhurika. Ng'ombe wakipewa, sumu hugeuka ikatoka katika maziwa, na mtoto yule yule huinywa. Mama mwenyewe akila ili ampishie mwanawe nzuri, humfikia kwa njia ya ziwa. Fungu hilo lapaswa kufukiwa au kuchomwa. Na nani mwenye haki ya kumwambia mtu achome chakula mwezi wa Februari, viazi vimekwisha na mtama haujakomaa?

Hapa ndipo ninapowarudia bata wa mwaka 1960. Katika historia yote ya sumu hii, kipimo kimetangulia kufika penye biashara, na penye chungu kimechelewa. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye ikafungua mpaka kwa masharti. Sina ugomvi na kila nchi kuwalinda watu wake, na masharti hayo ni ya busara. Ninachokitazama ni lori lililokataliwa. Gunia likikosa ruhusa ya kuuzwa kwa jirani, halipotei duniani. Kadiri soko linavyojifunza kuchambua, ndivyo ungo wa nyumba maskini unavyozidi kupokea kilichobaki. Maarifa yakiishia sokoni hayaipunguzi sumu, huihamisha tu.

Yako mambo yanayowezekana, na nimeyaandika kwa furaha. Kuanika juu ya turubai au kichanja badala ya udongo. Kupima ukavu kwa chumvi: tia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa, acha kidogo, chumvi ikigandia kwenye chupa, mahindi bado yana maji. Kuhifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa, dumuzi akose pumzi. Kuyakoboa mahindi ya mtoto kabla ya kusaga, kwa kuwa sumu nyingi hukaa katika ganda na kiini, ingawa mama huyo huyo amekuwa akisifiwa dona. Kuurudisha mtama na uwele katika uji, nafaka za nchi ile tangu zamani, ambazo aghalabu hazishambuliwi kama mahindi. Na iko dawa ya shambani, Aflasafe TZ01, iliyosajiliwa nchini mwaka 2018: kuvu ya jamaa ile ile isiyotoa sumu, inayomwagwa shambani mimea ikikaribia kuchanua, ikaitangulia ndugu yake mwovu na kuikalia nafasi. Bibi wa udaga angeielewa mara moja.

Juu ya yote hayo kuna moja ambalo halimo mikononi mwa mama, nalo ni badala. Mwaka 2004 serikali ya Kenya iliwapelekea watu wa maeneo yaliyoathirika chakula kingine mahali pa mahindi yenye sumu, na kwa jambo hilo watu waliacha kula kifo chao. Kumwambia mtu tupa bila kumpa badala ni kumwamuru afunge, tena bila futari. Ghala la kijiji lenye mtama wa kubadilishana, debe baya kwa debe jema, lingetafsiri kipeperushi changu vizuri kuliko mimi.

Nasi wa visiwani tusijione watazamaji. Hewa yetu ina maji mwaka mzima. Unga wa sembe na karanga zetu nyingi huvuka bahari kutoka Bara, zikakaa maghalani katika joto na unyevu huu, nasi tukazila katika kashata barazani na katika uji wa wajukuu. Karanga iliyosagwa na kutiwa sukari haina uso wa kuikagua. Mnunuzi wa kisiwani anapochagua gunia zuri, ni vyema akumbuke kwamba kuchagua kwake kumeacha kitu upande wa pili wa bahari, ungoni, mapajani mwa mtu.

Kipeperushi kilichapishwa. Ukurasa wake wa kwanza una sentensi nne: "Kuvu huingia katika mahindi na karanga tangu shambani. Huacha sumu isiyoonekana, isiyonukia, isiyokufa kwa moto. Sumu hiyo huudhoofisha utumbo wa mtoto na kinga yake. Wewe huwezi kuiona, lakini waweza kuizibia njia." Katika ukurasa wa nne, chini ya maelekezo ya kuchambua, niliomba iongezwe sentensi moja ambayo haikuwamo katika Kiingereza: "Kama huna chakula kingine, usione haya, mwambie mhudumu wa afya wa kijiji." Wakaikubali. Mhudumu yule wa Kishapu aliniandikia baadaye kwamba watu wanakuja kumwambia. Akauliza, kwa adabu, kama nina sentensi nyingine ya kumpa yeye awape.